Namba Tisa Imezikwa

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Imenikuta kituoni mtoto mgongoni, mwavuli umevunjika mbavu mbili. Nimemwacha kwa mlezi, nimefika ofisini viatu vinalia kama vinanisengenya. Fundi, mwenzangu mkubwa wa meza ya jirani, akaniangalia miguu, akaniangalia uso, akafungua droo akanipa daftari hili. Amesema anayeshika skima lazima awe na daftari, aandike alichobadilisha na kwa nini, maana kichwa kina mambo mengi na sababu ndizo za kwanza kudondoka. Nikamwambia mwandiko wangu mbaya. Akasema hatausoma yeye.

Basi nimeanza. Leo sijabadilisha kitu.

Alhamisi, 14 Machi

Mama amepiga simu, akauliza tena hasa nafanya kazi gani, majirani wanamuuliza na yeye anaishia kusema "kompyuta" kisha anabadilisha mada. Nikajaribu. Nikamwambia kuna kliniki nyingi za watoto, na kila kliniki ina simu za kazi, na ndani ya simu kila mtoto ana kadi yake. Sisi tunaandika orodha moja tu ya vitu vilivyomo kwenye kadi: jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito, chanjo. Hiyo orodha ndiyo skima. Halafu ipo kompaila, programu ya kugeuza orodha kuwa maagizo ya kompyuta, na ndani ya kompaila ipo plagini, kipande cha nyongeza alichokitengeneza Fundi. Inasoma orodha, inaandika yenyewe maktaba za msimbo, yaani mafungu ya hayo maagizo, moja ya simu, moja ya seva, ile mashine kuu inayokusanya kadi zote, moja ya ukurasa wa ripoti, zote tatu zinaelewana. Tungeandika kwa mkono tungekosea huku na kule.

Mama akasema, "Sasa kama inaandika yenyewe, wewe unakaa pale kufanya nini?"

Nikasema mimi naandika orodha.

"Kama ya sokoni."

Ndiyo mama, kama ya sokoni.

Jumatano, 20 Machi

Leo tumefanya mazishi.

Niandike vizuri, maana ndiyo kazi yenyewe. Simu na seva hazitumiani majina ya vitu. Zinatumiana namba, ili mzigo uwe mwepesi. Moja ni jina la mtoto, mbili ni tarehe ya kuzaliwa, na kadhalika. Tisa ilikuwa "amemaliza chanjo", ndiyo au hapana. Wauguzi wamesema ndiyo au hapana haiwatoshi, wanataka kila dozi na tarehe yake. Kwa hiyo tisa imeondolewa kwenye skima. Lakini namba iliyoondolewa haipewi kitu kingine, kamwe. Inaandikwa chini ya faili, kwenye sehemu tunayoiita makaburi: namba, tarehe, na aliyeizika. Plagini ikikuta mtu ametumia namba iliyo makaburini inagoma kuandika hata mstari mmoja.

Fundi amesimama, akafunga kifungo cha shati, akasema wafiwa tuinuke. Mimi na wenzangu wawili tukainuka. Meneja amepita na kikombe chake akatuangalia kama watu wasio na kazi.

Baadaye nimemuuliza Fundi kwa nini ukali wote huo. Akavuta kiti. Fundi akikueleza jambo unakaa kitako. Akasema popote pale kunaweza kuwa na simu ambayo haijasasishwa, na kwake tisa bado ni "amemaliza chanjo". Tukiacha kuipelekea tisa, simu hiyo inachukulia hapana, mtoto anabaki kwenye orodha ya kuitwa. Ataitwa bure, mama yake atanung'unika, basi. Lakini tukiipelekea tisa yenye maana nyingine, simu haitajua. Itasoma ilichozoea kusoma.

Nimeelewa. Naandika hapa kwamba siku hii nilielewa.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Bi Mkubwa ameota meno mawili na amemng'ata mlezi wa pale wanapolelewa watoto. Huyo Bi Mkubwa ni binti yangu, mwaka mmoja na miezi minne, ndiye anayetawala nyumba. Baba yake, aliyeko kikazi huko anakojengwa barabara, ndiye aliyempa jina hilo, akaondoka, akaniachia utawala.

Ijumaa, 5 Aprili

Mtandao unakohoa kwa sababu ya mvua. Kliniki za mbali kadi zinachelewa kufika. Meneja ametuita, ametaka mambo mawili kwa pamoja: kadi iwe nyepesi, na iongezwe alama ya "amepimwa uzito", ambayo seva itaiweka kila uzito mpya ukiingia. Nikainua mkono nikauliza simu zote zimeshapata toleo jipya? Akasema zote. Kazi hiyo nimepewa mimi.

Fundi hayupo. Upepo umeezua paa la mama yake, ameomba siku tano.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeandika "amepimwa uzito" kwenye skima. Namba iliyofuata ilikuwa ishirini na tatu. Sasa, namba moja hadi kumi na tano hubebwa kwa nafasi moja, kuanzia kumi na sita zinachukua mbili. Kwa kadi moja si kitu. Kwa kadi zote, kila siku, na mtandao ulivyo, ni kitu. Na chini ya kumi na sita zote zimekaliwa, isipokuwa tisa.

Nikaweka tisa. Plagini ikagoma: "Namba 9 imezikwa. Aliyeizika: Fundi." Nikacheka peke yangu, kama vile amenitokea mlangoni.

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Wanapolelewa watoto wanafunga saa kumi na moja, na mlezi hana mzaha tangu siku ile ya meno. Nilishika simu nimpigie Fundi. Nikaona ataanza kunieleza. Nikaiweka chini.

Nikajiambia simu zote zimesasishwa, Meneja kasema. Nikashuka makaburini, nikafuta mstari wa tisa. Nikaendesha kompaila. Plagini ikasoma orodha, ikaona tisa iko wazi, ikaandika maktaba zote tatu bila kigugumizi. Nikajisikia mjanja. Nitamwambia Fundi akirudi.

Nimefika saa kumi na moja na dakika saba. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye ngazi, amevishwa koti, peke yake na mlezi. Hakulia. Aliniangalia tu.

Jumatano, 10 Aprili

Homa. Siendi kazini.

Alhamisi, 11 Aprili

Homa, na kikohozi. Nguo hazikauki.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimerudi. Toleo lilishakwenda Ijumaa. Fundi naye amerudi, mikono imechubuka na mabati. Amenisalimia, ameuliza mgonjwa wangu, kisha akasema, "Kuna jipya kwenye skima, mdogo wangu?"

Nikasema tumeongeza uzito, hakuna zaidi.

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Ndiyo, najua. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka, na maelezo yake ni marefu.

Jumatatu, 29 Aprili

Meneja amenisifu mbele ya watu kwamba kadi zimekuwa nyepesi. Fundi akapiga makofi.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mchana nilikuwa peke yangu ofisini, simu ya wateja ikalia. Ni muuguzi wa kliniki ya ng'ambo ya mto, mama mtu mzima, sauti ya taratibu. Akasema, "Mwanangu, orodha yangu ya kuwaita watoto imekuwa fupi. Nilikuwa naita arobaini kwa wiki, sasa ni sita. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili nikashangaa. Leo nimepokea mtoto ana surua. Kwenye simu yuko kijani, amemaliza chanjo. Kwenye kadi ya karatasi aliyoshika mama yake, dozi ya pili hakuna."

Nikamwomba anisomee namba ya toleo iliyoandikwa chini ya kioo. Akatafuta miwani. Nilimsikia akiitafuta, akifungua droo. Akanisomea. Toleo la zamani. Akasema daraja limefungwa tangu Machi, hakuna aliyevuka kwenda kuwawekea jipya.

Kila mtoto aliyepimwa uzito, seva ilimwekea tisa. Kila simu ya ng'ambo ya mto ilisoma amemaliza.

Nikamwambia tutalishughulikia, asante mama. Akasema asante na wewe mwanangu, pole na kazi.

Fundi aliporudi kutoka kula nikampa ujumbe wa muuguzi neno kwa neno. Wa kwangu sikumpa. Alikaa kwenye mashine yake, chai ikapoa pembeni. Kabla ya saa moja kupita seva ilikuwa imeacha kutuma tisa, na uzito umehamishiwa ishirini na tatu. Halafu akaanza kupigia kliniki, moja moja, akiwasomea majina ya watoto walioachwa kuitwa. Mia moja na kumi na saba. Nilimsaidia kusoma. Nilisoma vizuri, herufi kwa herufi, kama mtu asiye na neno.

Jumanne, 7 Mei

Yule mtoto aliyepokelewa na muuguzi amelazwa. Ni wa kiume, mwaka mmoja na miezi tisa.

Jumatano, 8 Mei

Kikao. Meneja, Fundi, mimi, na wale wenzangu wawili wa ripoti waliokaa karibu na mlango.

Meneja hasomi msimbo, na hilo halifichi. Alitaka jambo moja tu, aambiwe kwa nini kizuizi hakikuzuia. Akasema, "Fundi, wewe ndiye uliyeniambia plagini yako haitakubali namba ya zamani. Nimewaambia wateja hivyo kwa mdomo wangu. Imekubali. Nieleze."

Fundi alikunja mikono mezani, akaangalia vidole vyake. Tukakaa kimya muda mrefu, mvua inapiga kwenye dirisha, mmoja wa ripoti akakohoa. Nilimwona kama mtu aliyeshindwa. Nilimwonea huruma, Mungu anisamehe, nilikaa pale namwonea huruma.

Kisha akasema, "Plagini ilikuwa inaangalia namba zilizomo makaburini. Haikuwa inaangalia kama kaburi limefutwa. Ilipaswa iangalie. Niliitengeneza mimi, sikulifikiria hilo."

Meneja akauliza nani amelifuta.

Fundi akasema hilo siyo yeye wa kulisema.

Meneja akachukua hiyo kama jibu, kwamba ni yeye. Nilimwona akichukua. Aligeuka, akatuangalia sote kidogo, na macho yake yaliponifikia mimi nilikuwa naandika kwenye daftari hili hili, nachora mistari ambayo bado ipo, ukurasa wa nyuma.

Ijumaa, 10 Mei

Fundi ameambiwa akabidhi kazi. Nimepewa mimi nipokee.

Jumanne, 14 Mei

Ametumia siku tatu kunifundisha plagini. Hakuruka kitu. Hapa inasoma skima, hapa inaandika maktaba ya simu, hapa ya seva, hapa usiguse kabla hujanywa chai. Leo jioni amebeba kikombe chake na spika yake ndogo ya redio. Mlangoni akanigeukia, akasema, "Haya, mdogo wangu." Akasubiri kidogo, kama mtu aliyesahau mwavuli. Nikasema, "Safari njema, kaka." Safari njema, na nyumba yake ni vituo vinne kutoka hapa.

Ijumaa, 17 Mei

Mama amekuja kunisaidia na mtoto. Bi Mkubwa amempindua tangu saa ya kwanza, anamwita kwa kupiga sahani.

Jumapili, 19 Mei

Mama anakunja nguo, mimi nimejilaza na jua halijazama. Akasema bila kuniangalia, "Wewe ulipokuwa mdogo, ukivunja kitu ulikuwa unalala mapema. Tulikuwa tukikuona kitandani saa kumi na mbili, tunaanza kuhesabu vikombe."

Nikamwambia nimechoka tu, mama.

"Uchovu naujua," akasema. "Umevunja nini?"

Nikamweleza. Si habari za kompaila wala nini. Nikamwambia kulikuwa na kitu mwenzangu alikifunga, mimi nikakifungua kwa sababu nilikuwa nachelewa, mtoto wa watu akaugua, mwenzangu akafukuzwa, na mimi nilikuwepo. Aliendelea kukunja. Alimaliza nguo zote. Halafu akasema, "Mtoto wako nimeshamlisha. Kesho nitamwogesha mimi. Kwa hiyo huna sababu ya kuchelewa wala kuwahi."

Jumatatu, 20 Mei

Leo nimefungua plagini peke yangu kwa mara ya kwanza. Kuna badiliko la mwisho la Fundi ambalo hakunionyesha. Sasa plagini inalinganisha makaburi ya leo na ya jana, na yakipungua inagoma. Amebandika jaribio la kuthibitisha, na ndani ya jaribio ameandika mfano wa kaburi:

Namba: 9. Aliyeizika: Fundi. Aliyeifukua:

Nafasi iko wazi. Na tarehe ya badiliko ni 7 Mei. Siku moja kabla ya kikao.

Nimeisoma mara nyingi. Kila faili letu linatunza historia ya nani alifuta nini na saa ngapi. Jina langu lilikuwepo, saa kumi na dakika arobaini na sita. Yeye ndiye aliyenifundisha kuisoma historia hiyo.

Jumanne, 21 Mei

Nimekwenda kwa Meneja. Nimesimama, sikukaa. Nimemwambia mimi ndiye niliyefuta, nilijua sheria, nilielewa sababu, na siku ya kikao nilinyamaza. Nimemwambia Fundi arudishwe.

Alivua miwani. Aliuliza kwa nini namwambia leo na siyo wiki mbili zilizopita. Nikasema niliogopa, Madam, nina mtoto. Akasema Fundi naye ana watoto watatu. Nilikuwa sijui. Miaka miwili meza kwa meza.

Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa nimeshaweka kikombe changu kwenye mkoba. Akasema atampigia Fundi, kisha akasema, "Wewe rudi mezani. Kwa sasa hakuna mwingine anayeijua skima." Nikarudi. Nikatoa kikombe.

Jumamosi, 25 Mei

Vituo vinne. Nimekwenda na Bi Mkubwa mgongoni, mvua nyembamba ile isiyolowesha haraka. Fundi alikuwa uani anapiga rangi mlango, gazeti limetandazwa chini. Akasema karibu mdogo wangu, akamshusha mtoto, akampa mfuniko wa kopo achezee. Mkewe akaleta maji, akaingia ndani.

Nilikuwa nimejipangia maneno tangu kituoni. Yakaniishia. Nikasema, "Kaka, ni mimi niliyelifuta."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya muuguzi. Chai ilikuwa bado ya moto."

Nikamuuliza mbona hakusema. Alichovya brashi, akaipangusa kwenye ukingo wa kopo, upande mmoja, upande wa pili.

"Nilikuwa nakusubiri," akasema. "Pale kikaoni niliponyamaza, ulidhani nafanya nini? Nilikuwa nakupisha."

Bi Mkubwa alikuwa anagonga mfuniko sakafuni.

"Kisha nikakusubiri siku tatu za kukufundisha. Kisha nikakusubiri mlangoni, mpaka nikaona aibu. Sitakudanganya kwamba haikuniuma, mdogo wangu. Kazi nitapata. Iliniuma kwamba nilikuwa na hakika utasema."

Nikamwambia Meneja atampigia. Akasema ameshapiga, na yeye amemjibu kwamba hatarudi. Hakusema kwa hasira. Akaniuliza kama plagini inanisumbua, na akanieleza kitu kuhusu maktaba ya ripoti, kwa kirefu, na mimi nikakaa kitako nikamsikiliza mpaka mwisho. Nilitamani asimalize.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua kidogo asubuhi. Mama ameondoka.

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya sita bila mvua. Daraja limefunguliwa, simu zote za ng'ambo zimesasishwa leo, nimezihakikisha moja moja, kila muuguzi amenisomea namba ya toleo kwa sauti. Sikukubali neno "zote" kutoka kwa mtu yeyote.

Nimerudisha kaburi mahali pake. Kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi nimeandika jina langu kamili, kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na tarehe 9 Aprili. Nikaendesha kompaila. Plagini ikasoma, ikaandika maktaba zote tatu.

Mwisho nimempigia yule muuguzi mama, nikamwambia ni mimi niliyekosea. Akasema, "Haya." Nikamuuliza habari za mtoto. Akasema ametoka hospitali, anakula, anatembea. Ila homa ilishuka kwenye masikio. Sikio la kushoto ukimwita hageuki.

Nimewahi kumchukua Bi Mkubwa, ilikuwa bado saa kumi na nusu. Alikuwa amekaa chini, amenipa mgongo, anapanga viatu vya wenzake. Nikasimama nyuma yake, nikamwita polepole upande wa kushoto. Akageuka. Nikazunguka, nikamwita upande wa kulia. Akageuka, akacheka, akadhani ni mchezo. Nikarudi kushoto nikamwita tena, na tena, mpaka yeye akachoka kugeuka, na mimi nilikuwa bado namwita.